Kile Kizito

Kuna harufu moja ambayo ikinifikia, popote nilipo, miguu yangu huanza kutafuta viatu. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole ndani ya kitu cha umeme kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa. Juzi nimeipata hapa Babati, sebuleni kwangu. Mdogo wangu Boay alikuwa anatoka nyumbani Endagikot na mashine ya marehemu baba, anaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akapitia kwangu kunywa chai. Akaichomeka ukutani, kwa utani tu, tuone kama bado ina uhai. Kwanza ikaja ile harufu. Baada ya muda, katikati ya kioo chake kidogo chenye vimraba, ukatokea mstari wa kijani.

"Dada, hii inakula nafasi tu," Boay akasema. "Na mgongo wangu imeuumiza."

Nilikuwa nimeshasimama, natembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Watoto wangu huniambia sijui kukaa, na hilo sibishani nalo, nimelirithi halali. Lakini siku hiyo nilikuwa natembea kwa sababu nimekumbuka karakana moja kule Hanang, na swali nililoulizwa pale nikiwa mtoto ambaye meno yake mapya ya mbele hayajaota yote.

Wanaolingana nami umri watakumbuka wakati ule ulivyokuwa. Manyara haikuwa mkoa bado, sisi tulikuwa watu wa Arusha, ingawa Arusha yenyewe wengi wetu hatujaiona. Maduka ya Mbulu mjini yalikuwa yamejaa ghafla. Sabuni ambayo wazazi wetu waliipangia foleni sasa ilikuwa ya rangi tatu na mwenye duka anakubembeleza uichukue. Redio ndogo za plastiki ziliingia kwa maboksi. Wakati huohuo, serikali ilikuwa inajitoa kwenye mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, na watu waliofanya kazi kule walikuwa wanarudi vijijini mmoja mmoja, wakiwa na ovaroli za bluu na buti ambazo hazikufaa kwa jembe. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kule alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, zile redio ambazo dereva wa trekta akiwa mbali huko shambani aliweza kuongea na ofisi.

Nyumbani tulikuwa na mahindi, maharage, kitunguu saumu kidogo na ng'ombe wachache. Kazi ilikuwepo tele, lakini baba hakuweza kukaa nayo. Alikuwa anaanza palizi kwenye mstari wa kwanza, kabla hajaumaliza utamwona yuko mpakani mwa shamba anatazama barabara. Ugali alikula amesimama, bakuli la maziwa mkononi. Jioni alishika redio yake na kuzungusha kitufe kutoka stesheni hii hadi ile bila kusikiliza yoyote.

"Baba Paskalina," mama alimwambia siku moja, "hata mtangazaji humwachi amalize kusalimia."

Baba akacheka, akazima redio, akatoka nje. Paskalina ndiye mimi.

Halafu zikaja habari mbili kwa wiki moja, na zote zililetwa kwa mdomo. Ya kwanza ilitoka kwa rafiki yake aliyefanya naye kazi, ambaye alikuwa ameshatangulia Mererani kwenye machimbo. Alituma salamu kuwa kule kuna jenereta, kuna pampu na redio za mawasiliano, ila mafundi hakuna, kwa hiyo baba aende. Ya pili ilitoka kwa Bwana Tluway, mtunza stoo wa karakana ya ngano. Huyu alisema wanunuzi wa vifaa wanakaribia kuja, na mafundi wa zamani wameruhusiwa kila mmoja kuchagua kifaa kimoja awe nacho. Zilikuwa zimebaki osiloskopu mbili. Baba achague moja, haraka.

Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha na mashaka kwa pamoja namna ile. Alituchorea kwenye vumbi la uani, kwa kijiti. Skopu, ndivyo walivyoiita, ni sanduku lenye kioo. Umeme ukiingia ndani yake unauona kwa macho, mstari unapanda na kushuka, na ukiujua mstari unajua redio inaumwa wapi. Zile mbili zilitoka kiwanda kimoja, zina uso mmoja, vitufe vilevile mahali palepale, hata rangi ya kijivu ni ileile. Namba zake zilipishana kwa tarakimu ya mwisho tu. Mgeni angeapa ni pacha.

"Sasa shida iko wapi?" mama akauliza. "Si uchukue yoyote."

"Sio sawa hata kidogo," baba akasema. "Moja inaona mbali. Umeme wa televisheni, wa video, ule unaokimbia sana, yenyewe inaukamata. Lakini inataka umeme wa ukutani, na ni zito lile, wee! Nyingine inaona karibu tu, redio za kawaida basi. Ila ile unaifunga kwenye betri ya gari, unaitia begani, unafanya nayo kazi popote."

"Popote," mama akarudia.

Mama yangu hakujua lolote kuhusu skopu na hakutaka kujua. Lakini neno hilo alilisikia vizuri. Nadhani ndipo alipoanza kuangalia mikono ya baba badala ya mdomo wake. Kijijini kwetu wanaume waliokwenda Mererani walijulikana kwa majina. Wapo waliorudi na mabati. Wapo waliotuma salamu mpaka salamu zikaisha. Mke wa jirani yetu alikuwa ameshavuna misimu kadhaa peke yake, na watu walikuwa wameanza kumwita kwa upole ule ambao watu huutumia kwa wajane.

Asubuhi ya safari baba alipanga begi lake kitandani, mlango ukiwa wazi. Safari ilikuwa ya kwenda leo na kurudi kesho. Akaweka suruali mbili. Akaweka sweta nene, chuma chake cha kuchomea risasi ya kuungia waya, na wembe wa kunyolea. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Aliangalia kila kitu kikiingia begini, halafu akaenda jikoni, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Nenda na Paskalina," akasema.

"Mtoto wa nini kwenye safari ya stoo?"

"Ana macho mazuri. Atakusaidia kuchagua."

Baba akacheka, akainama kufunga kamba za viatu. Mama akanivuta nje, chini ya dirisha, akanifunga vifungo vya sweta kimoja kimoja huku akiongea kwa sauti ya chini. "Baba yako akikuuliza uchague, sema kile kizito. Umesikia? Usikiangalie uzuri. Kile kizito."

Nilielewa kabisa, au nilidhani hivyo. Mimi ndiye niliyemfuata mama sokoni, nikajua anavyochagua vitu. Kabichi hakuiangalia, aliipima mkononi. Kuku alimshika mabawa na kumpandisha na kumshusha, na malenge aliyanyanyua moja baada ya jingine mpaka muuzaji akachoka. Kitu kizito kimejaa, kitu chepesi kina upepo ndani. Kwa hiyo nikajua kuwa skopu nayo ni hivyohivyo, na kwamba nimepewa kazi ya watu wazima. Nilipanda lori nikiwa na kiburi kikubwa sana.

Lori lilikuwa la kitunguu saumu, kupitia Dongobesh. Magunia yalikuwa laini na nafasi ilikuwepo, lakini baba alisafiri amesimama, ameshika bomba la juu, akitazama mbele kama yeye ndiye dereva. Mimi nilitazama mlima Hanang. Mara ulikuwa kushoto kwetu, mara mbele, mara upande wa kulia, na niliamini kwa moyo wote kuwa mlima nao unatembea. Nilifikiri labda ni mtu wa kwao baba.

Kwetu, mwanaume akisafiri peke yake anaulizwa anakwenda wapi. Akiwa na mtoto anaulizwa wanarudi lini. Kila tuliposimama mtu aliuliza, kwa adabu tu, na kwa sababu nilikuwa nasikiliza kila kitu siku ile, niliyasikia majibu. Dongobesh baba alisema, "Kesho." Mbele kidogo, mama mmoja aliyepandisha madebe akauliza, baba akasema, "Tutaona." Tulipofika mashambani jioni na Bwana Tluway akauliza, baba akasema, "Bado hatujajua." Nilitaka kumkumbusha kuwa tunarudi kesho. Nikafikiri amesahau.

Sijui niliitarajia karakana iweje. Ilikuwa jengo refu la bati, upepo unapiga filimbi kwenye mashimo ya misumari. Nje, mashine za kuvunia zilikuwa zimesimama kwenye majani na kuku wametagia ndani yake. Ng'ombe wa wafugaji wa Kibarbaig walikuwa wanakula mabua ya ngano mpaka mlangoni pa ofisi, mahali ambapo zamani, baba aliniambia, ng'ombe akionekana ilikuwa kesi. Wachungaji wao walitutazama bila haraka. Ardhi ilikuwa inarudi kwao na walijua.

Tulilala kwa Bwana Tluway. Asubuhi akafungua stoo, akaziweka skopu zote mbili juu ya meza ya chuma, ubavu kwa ubavu. Alikuwa mtu mpana, mchangamfu, aliyekuwa amezoea kusikilizwa na ambaye sasa hakuwa na wa kumsikiliza isipokuwa popo wa darini.

"Haya, mtoto wa fundi," akaniambia. "Zitofautishe."

Sikuweza. Zilikuwa zinafanana kweli. Nikazunguka nyuma ya meza, na huko nyuma ndiko zilikoachana. Moja ilikuwa na waya mnene wa ukutani na mgongo wenye mapezi ya chuma. Nyingine ilikuwa na vishikizo viwili, chekundu na cheusi, na mkanda wa kuvalia begani.

Dizeli ilikuwa kidogo, kwa hiyo walianza na ile nzito. Bwana Tluway akavuta kamba ya jenereta, karakana yote ikatetemeka, taa ya juu ikawaka. Baba akabonyeza swichi. Ndipo nilipoisikia ile harufu kwa mara ya kwanza, vumbi la miaka likianza kuungua, na kioo kikatoa mstari wa kijani uliotulia tuli. Baba akavuta pumzi. Alizungusha vitufe bila kuviangalia, kama mama anavyokoroga uji huku anaongea na mtu mlangoni. Halafu akashika ncha ya waya wa kupimia kwa kidole chake, kitu ambacho mafundi hufanya tu kuona kama waya una uhai.

Mstari ukaruka. Ule uliokuwa umetulia ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila kupumzika, kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine. Baba akaachia, mstari ukalala. Akashika tena, ukaamka.

Nilishikwa na woga ambao nausikia hata sasa. Hakuna aliyenieleza kitu, na sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimeonyeshwa ndani ya baba. Hicho ndicho kilichomfanya ale amesimama na azungushe redio, kile kitu cha kijani kinachoruka ndani yake bila kuchoka, na mashine hii ilikuwa imekiona.

Jenereta ikakohoa, ikazima. Dizeli ilikuwa imekwisha.

"Basi hiyo umeiona," Bwana Tluway akasema. Akaleta betri ya trekta, wakaifunga ile nyepesi kwenye vishikizo vyake viwili. Ikawaka bila kelele. Mstari uleule, kijani kilekile. Baba akashika ncha ya waya kwa kidole.

Mstari haukuruka. Ulitikisika kidogo kabisa, kama maziwa kwenye bakuli mtu akipita, ukatulia. Baba alikuwa amekiacha kidole palepale na mstari umelala kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtu yeyote wa umeme anajua kilichotokea. Jenereta ikiwa inanguruma, umeme wake umejaa hewani kwenye jengo zima, na mwili wa mtu unaudaka kama waya wa redio. Jenereta ikizimwa, hakuna cha kudaka. Hili nililijua miaka mingi baadaye, sekondari, na nililia darasani kwa sababu ambayo mwalimu hakuielewa. Siku ile karakanani nilichojua ni kwamba kuna mashine mbili zinazofanana. Moja inasema baba hajatulia. Nyingine inasema ametulia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitaka ile nyepesi. Niliitaka kwa nguvu zote. Nilifikiri tukiipeleka nyumbani, baba atakuwa anashika waya wake kila jioni na kile kitu cha ndani kitalala, na atakula amekaa. Maneno ya mama nikaanza kuyaona ni maneno ya kabichi.

Bwana Tluway akaegemea meza. "Sikiliza, fundi. Saa nane kuna gari linapita kwenda Katesh. Ukifika Katesh, Mererani umefika. Lori la Mbulu linapita baadaye, na dereva wake ni mtu wa Tumati, namjua mpaka kwao. Mtoto huyu nitampandisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na atashushwa mlangoni kwenu."

Alisema hayo kwa wema. Aliniangalia akitabasamu, na mimi nikatabasamu, nikidhani ninapewa zawadi ya kukaa mbele na dereva. Baba akachukua ile skopu ya mkanda, akaivaa begani, waya za betri bado zimefungwa na zinaburuzika, akaenda nazo hadi zilipokaza. Akatazama barabara. Akarudi, akaiweka. Akaishika ile nzito kwa mikono miwili, akainyanyua hadi kifuani, akasimama nayo, akaiweka. Akaenda mlangoni mikono mitupu. Akarudi. Akaivaa tena ile nyepesi. Bwana Tluway mwenyewe alichoka kumtazama, akatoka kwenda kufukuza ng'ombe.

Na muda wote huo, juu ya meza na begani mwake, kioo cha ile nyepesi kilikuwa kinawaka, na mstari wake umetulia. Baba anatembea, mstari umetulia. Anapangusa jasho shingoni, anaangalia barabara, anarudi, mstari umetulia. Niliutazama huo mstari, nikamtazama baba. Kile kioo kilikuwa kinasema uongo.

Baba akachuchumaa mbele yangu. Magoti yake yalikuwa na vumbi la stoo. "Haya, mwenye macho mazuri," akasema. "Tuchukue kipi?"

"Kile kizito."

"Kizito?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?" Alikuwa anatabasamu, kama mtu anayesubiri jibu analolijua.

"Kile chepesi kinadanganya," nikasema. "Kinasema umetulia."

Tabasamu likaondoka. Sijui kama nimewahi kutazamwa namna ile tena, na nimeolewa, nimezaa, nimezika. Alibaki amechuchumaa mbele yangu muda mrefu. Nje tukasikia gari, tukaliona kupitia mlango mkubwa likija na vumbi lake, likapunguza mwendo karibu na ofisi. Bwana Tluway akaita. Baba hakuinuka. Gari likaongeza mwendo, likaenda Katesh, na baba akaligeukia pale tu lilipobaki vumbi.

Tulirudi na lori, skopu nzito imefungwa kwenye sweta nene na suruali ya pili. Kutoka barabarani hadi nyumbani ni mlima, na baba aliibeba akipumzika kila baada ya nyumba chache, akiiweka juu ya mawe ya watu na kusalimia. Wazee wakauliza ni nini, nami kabla sijawaeleza nikatoa shikamoo zote zilizotakiwa, moja moja, nikiona wanachelewesha kwa makusudi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia mimi, akamwangalia baba, hakuuliza bei wala matumizi. Alisogea, akaingiza vidole chini ya kona moja ya ile mashine, akainyanyua kidogo, akaiachia.

"Kizito," akasema.

"Kizito," baba akakubali.

Akaenda kusonga ugali.

Umeme ulikuwa Mbulu mjini tu, kwa hiyo baba akapanga chumba kule, akaweka meza, akaandika mlangoni kwa mkono wake kuwa anatengeneza redio, televisheni na video. Alichagua vizuri, kwa maana ya kazi. Televisheni zilipoanza kuingia alikuwa na macho ambayo mafundi wengine hawakuwa nayo, na sisi tulisoma kwa macho hayo. Lakini hakutulia. Mchana alifunga mlango akaenda stendi, akatazama mabasi yanayoondoka, akasoma yanakokwenda, akarudi kazini. Mji mzima ulijua. Makonda walimtania, "Fundi, leo nafasi ipo," naye alijibu, "Kesho."

Nilipokua na kuelewa yote, suruali mbili, kile kizito, ile asubuhi chini ya dirisha, nilimkasirikia mama. Niseme wazi, nilimkasirikia miaka. Niliona kuwa alimfunga baba jiwe shingoni na akanipa mimi kamba nishike. Kila nilipomwona baba stendi, mikono nyuma, akitazama basi la Arusha likigeuza, moyo wangu ulimwendea yeye, na jioni nilimjibu mama kwa neno mojamoja. Mama hakuwahi kujitetea. Alikufa kabla sijapata akili ya kumuuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Baba nilimuuliza. Ilikuwa miaka yake ya mwisho, mashine imesharudishwa Endagikot kwa sababu umeme ulikuwa umefika hata kwetu, na yeye amedhoofika. Tulikuwa tumekaa uani, jua linakaribia kushuka, yeye kwenye kiti na mimi kwenye ngazi. Nikamwambia kuwa siku ile nilikuwa nimefundishwa. Kwamba mama aliniambia niseme kile kizito, chini ya dirisha, akinifunga sweta.

"Najua," akasema. "Nilikuwa ndani nafunga viatu. Dirisha lile halikuwa na kioo."

Nikageuka kumtazama.

"Na begi nililipanga mlango ukiwa wazi, mchana kweupe, yeye amesimama pale. Umewahi kuona mtu anatoroka hivyo?"

"Sasa kama ulijua nitasema nini, kwa nini uliniuliza?"

Akanitazama kama ananionea huruma kwa kuchelewa kiasi hicho. "Paskalina. Ningetaka kwenda, nisingekuuliza."

Upepo ulikuwa unatikisa mahindi. Nilikuwa nalia na sikujificha.

"Kizito nilikuwa nakitegemea," akasema baadaye. "Ile sababu yako ndiyo sikuitegemea."

Halafu, kama kawaida yake, akainuka. Nilitaka kumshika mkono, akakataa. Akaenda polepole hadi kwenye geti la miti, nikamsikia akiondoa komeo, akafungua, akasimama pale anatazama barabara mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akafunga, akarudisha komeo mahali pake, akarudi kukaa.